Ramani ya mafuriko irudi mtaani

Desemba 2011 Mto Msimbazi ulifurika na zaidi ya watu 40 wakapoteza maisha Dar es Salaam. Mwaka huohuo, kule Tandale, wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na wakazi walikuwa wameanza kuchora eneo lao kwenye OpenStreetMap, ramani ya mtandaoni ambayo yeyote anaweza kuijaza na kuisoma. Kuanzia 2015 kazi ya namna hiyo ilienea kata nyingi za jiji kwa jina la Ramani Huria, ikiungwa mkono na Benki ya Dunia na Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH), huku lengo kuu likiwa mafuriko.

Kazi yenyewe hufanyika kwa miguu. Kijana mwenye simu huongozana na mtu anayeujua mtaa, wakafuata mtaro tangu unapoanzia. Je, umejengwa kwa zege au ni wa udongo? Una kina gani? Umeziba wapi? Kisha wanabisha hodi kuuliza maji yalifika wapi mara ya mwisho, na mwenye nyumba anaonyesha ukutani: hapa, usawa wa kiuno. Hakuna setilaiti inayoweza kuona kimo cha maji ndani ya chumba cha mpangaji. Ukiunganisha majibu ya namna hiyo na programu kama InaSAFE, unaweza kukadiria nyumba ngapi zitaingiliwa na maji kabla mvua haijanyesha.

Kwa hiyo sina shaka na chombo. Shaka yangu ni kwamba taarifa hupanda tu, hazishuki. Mkazi aliyeeleza mtaro ulipoziba anastahili kuambiwa nani atauzibua na lini. Ramani iliyo wazi mtandaoni haimfikii mama asiye na simu janja, au aliye nayo lakini bando lake ni la kupigia tu. Kwake, ramani iliyochapishwa na kubandikwa ofisi ya serikali ya mtaa ina manufaa zaidi.

Kuna pia hofu, na si ya bure. Mwishoni mwa 2015 nyumba za Bonde la Msimbazi zilipigwa X nyekundu, kisha zikabomolewa. Sheria ya Mazingira ya 2004 inalinda mita 60 kutoka ukingo wa mto, na serikali ina haki ya kuisimamia. Lakini aliyeshuhudia nyumba ya jirani ikianguka atajiuliza kwa nini amweleze mgeni kwamba na kwake maji huingia. Akinyamaza, ramani inabaki na pengo palepale penye hatari kubwa.

Wapo maofisa wanaosema takwimu za wananchi haziaminiki kwa kuwa hazikukusanywa na wataalamu. Hoja hiyo ina uzito pale vipimo vinapotofautiana, na dawa yake ni kwenda kupima upya pamoja na wakazi. Kuwatisha si dawa. Marekebisho ya mwaka 2018 ya Sheria ya Takwimu yaliwatia watu woga wa kutangaza takwimu zinazopingana na zile rasmi. Mwaka 2019 yalilegezwa, na hilo lilikuwa jambo jema, ingawa woga hauondoki siku sheria inapobadilika.

Sasa upo mradi wa kuendeleza Bonde la Msimbazi, ambao Benki ya Dunia iliuidhinishia dola milioni 200 mwaka 2022, na unahusu pia kuwahamisha watu. Hapa ndipo ushirikiano wa wakazi na serikali utapimwa. Kila kaya ionyeshwe kilichoandikwa juu ya nyumba yake kabla ya uamuzi wowote kufanyika, iwe na muda wa kukisahihisha mbele ya mwenyekiti wa mtaa, na ipewe jibu la maandishi. Na kila mtaro ulioripotiwa kuziba uwe na jina la ofisi inayohusika na tarehe ya kuzibuliwa, kwenye ramani ya mtandaoni na kwenye ile ya ukutani, kabla masika hayajaanza.