Magari yamebadilika, betri tunanunua kwa mazoea

Katika Bweranyange na vijiji vingine vya Karagwe na Kyerwa, gari la mtu mmoja ni gari la watu wengi. Mchana linabeba maharage na ndizi kwenda mnadani. Usiku, mgonjwa akizidiwa, ndilo linalogongewa mlango. Tangu mpango wa m-mama ulipozinduliwa kitaifa mwaka 2022, mama mjamzito au mtoto mchanga aliye katika hatari anaombewa usafiri kwa kupiga 115 bila malipo. Pale ambapo gari la wagonjwa liko mbali, anatumwa dereva wa kijamii aliyesajiliwa, mwenye gari lake la kawaida.

Mpango huo, kama ilivyo kwa safari yoyote ya usiku kwenda Nyakahanga au Bukoba, unategemea jambo moja dogo: ufunguo ukizungushwa, gari liwake. Kuwaka kwake kunategemea sanduku la risasi na asidi ambalo wengi wetu tunalinunua kwa maneno mawili tu: "Nipe N50."

Zamani maneno hayo yalitosha. Kwa magari mengi yanayoingia nchini sasa hayatoshi, na anayelipia tofauti hiyo ni mwenye gari na abiria wake.

Kilichobadilika

Miaka iliyopita, magari mengi ya vijijini yalikuwa Hilux na Land Cruiser za gia za mkono. Betri ikichoka, vijana wanne walisukuma, gari likashuka kilima, dereva akaachia klachi, likawaka. Katika milima yetu, dereva mjanja alilaza gari lake mtelemkoni makusudi.

Leo barabara zetu zimejaa IST, Passo, Ractis, Noah na Probox kutoka Japani, nyingi zikiwa za otomatiki. Gari la otomatiki haliwaki kwa kusukumwa, hata wakija vijana ishirini. Betri ikifa saa nane za usiku, njia iliyobaki ni kutafuta gari jingine lenye betri nzima na waya za kuunganisha.

Badiliko la pili ni kompyuta. Katika magari mengi ya kisasa, kompyuta ndiyo inayoiongoza alteneta. Ikiona betri imejaa, inapunguza chaji ili kuokoa mafuta. Gari jingine linazima injini lenyewe likisimama na kuiwasha tena dereva anapoondoa mguu kwenye breki. Betri ya gari la namna hiyo inawasha injini mara nyingi kwa siku, wakati ile ya Hilux ya zamani iliwasha mara chache tu.

Sera nazo zina mkono wake. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi umri wa miaka 8. Uganda iliweka kikomo cha miaka 15 mwaka 2018. Tanzania haijaweka kikomo cha namna hiyo, ila inatoza ushuru wa uchakavu kwa magari yaliyofikisha miaka 8 na zaidi. Kadiri miaka inavyokwenda, hata gari tunaloliita la zamani linakuwa limetengenezwa baada ya Wajapani kuanza kutumia mifumo hii. Teknolojia inafika kijijini na mtumba wake, lakini maduka yetu mengi bado yanauza NS40, NS60, N50 na N70 kama miaka ishirini iliyopita.

Betri inajieleza yenyewe

Betri ya gari la Kijapani imeandikwa jina lake juu au ubavuni. Tuchukue mfano wa 55D23L.

Namba ya kwanza, 55, ni daraja la nguvu. Kadiri inavyopanda, betri ina nguvu zaidi. Herufi D inaonyesha upana na kimo cha sanduku. Betri ya B ni nyembamba kuliko ya D. Namba 23 ni urefu kwa sentimita. Herufi ya mwisho, L au R, inaonyesha vichwa vimekaa upande gani. Ukisimama vichwa vya betri vikiwa karibu nawe, ya L ina chanya mkono wa kulia, na ya R ina chanya mkono wa kushoto.

Herufi hiyo ya mwisho ndiyo inayoleta hasara kubwa. Anayenunua R badala ya L atakuta waya hazifiki. Fundi mwenye haraka atazivuta kwa nguvu, ataunga kipande cha waya, au atachanganya chanya na hasi. Kuchanganya kwa sekunde moja kunaweza kuunguza fyuzi kuu, alteneta au kompyuta ya gari.

Kwenye betri ndogo angalia pia kama kuna herufi S mwishoni, kama 46B24LS. Hiyo ina vichwa vinene. Isiyo na S ina vichwa vyembamba, na vishikio vya waya wa gari lililozoea vichwa vinene vitalegea juu yake. Barabara ya vumbi na makorongo itamalizia kazi.

Makundi matatu ya kutofautisha

Kundi la kwanza ni betri ya kawaida, kwa gari lisilozima injini lenyewe. Hapa unafuata namba za betri ya awali. Daraja la nguvu likizidi kidogo si tatizo, mradi sanduku linakaa vizuri na vichwa viko upande ule ule. Daraja likipungua, umejipunja mwenyewe.

Kundi la pili ni betri ya magari yanayozima injini yakisimama. Zinatambulika kwa maandishi kama M-42, N-55, Q-85 au S-95. Kwa sanduku, Q-85 inalingana na D23, ndiyo maana muuzaji anaweza kukupa D23 ya kawaida na ikakaa vizuri kabisa. Itawasha gari siku hiyo na wiki hiyo. Lakini haikujengwa kwa kuwasha mara nyingi na kupokea chaji upesi upesi, hivyo itachoka mapema. Mwenye gari ataona kwanza mfumo wa kuzima injini umeacha kufanya kazi, na baadaye gari litakataa kuwaka.

Kundi la tatu ni magari ya haiburidi, kama Toyota Prius na Aqua. Haya yana betri mbili. Ile kubwa ina umeme wa zaidi ya volti 100 na nyaya zake ni za rangi ya chungwa. Asiyesomea asiiguse kamwe. Ile ndogo ya volti 12, ambayo kwenye mengi iko nyuma, ndani ya gari, ndiyo inayoziamsha kompyuta. Inapokuwa ndani pamoja na abiria, inatakiwa iwe ya aina iliyofungwa, yenye mpira wa kutolea gesi nje. Nyingi zimeandikwa S34B20R au S46B24R. Kuweka hapo betri ya kawaida ya kujaza maji ni kumkalisha abiria pamoja na gesi inayoweza kulipuka.

Kabla ya kununua, pima

Si kila gari linalokataa kuwaka lina betri mbovu. Fundi umeme mwenye mita ya volti anaweza kukuokoa na hasara ndani ya dakika tano.

Gari likiwa limelala usiku kucha, betri nzima iliyojaa inasoma karibu volti 12.6. Ikisoma 12.2 imebaki na nusu ya chaji. Ikisoma 12.0 iko karibu kuisha. Hapo ichajiwe kwanza hadi ijae, ndipo ihukumiwe. Wakati stata inazunguka, volti zisishuke chini ya 9.6 hivi, zikishuka sana wakati betri imejaa, betri imechoka. Injini ikiwa inanguruma, alteneta ya kawaida inatoa kati ya volti 13.8 na 14.5. Kwenye magari yanayodhibitiwa na kompyuta namba hiyo hupanda na kushuka, kwa hiyo fundi awashe taa na feni kisha apime tena kabla ya kuilaumu alteneta.

Chunguza pia kinachonyonya umeme gari likiwa limezimwa: alamu, kifaa cha kufuatilia gari, muziki uliofungwa mtaani. Gari linalolala wiki mbili bila kuwashwa linaweza kukutwa limekufa hata kama betri ni mpya. Na gari linalokwenda tu dukani na kurudi, safari za dakika tano tano, haliirudishii betri chaji iliyotumika kuwasha.

Betri ya sola si betri ya gari

Huku kwetu betri za aina hizi mbili hubadilishana nyumba. Ya gari inapelekwa sebuleni kuwasha televisheni, ya sola inafungwa kwenye gari wakati wa shida. Kwa macho zinafanana, ila kazi zake ni tofauti. Betri ya gari imetengenezwa kutoa umeme mwingi kwa sekunde chache, kisha ijazwe mara moja. Ya sola imetengenezwa kutoa kidogo kidogo kwa saa nyingi. Betri ya gari ikikaushwa kila usiku kwa ajili ya taa na redio, bamba zake za risasi zinaharibika upesi. Ya sola ikilazimishwa kuzungusha stata katika baridi ya alfajiri, inashindwa.

Dukani na kwa fundi

Usiende dukani na jina la gari peke yake, maana gari moja linaweza kuwa limetoka kiwandani na betri tofauti kulingana na mwaka na injini. Piga picha ya maandishi ya betri uliyonayo. Kama ilishabadilishwa kabla yako, kagua kitabu cha gari, au pima kitako kinapokaa betri na upande zinakotokea waya.

Tazama tarehe ya kutengenezwa. Betri iliyokaa rafu mwaka mzima bila kuchajiwa imeanza kuzeeka kabla hujailipia. Mwambie muuzaji aipime mbele yako. Dai risiti ya mashine na karatasi ya waranti yenye tarehe. Bila hivyo huna pa kusimama ikifa baada ya miezi mitatu. Tuseme betri ya shilingi 150,000 imedumu miezi 9, na ya shilingi 270,000 imedumu miaka 3. Ya kwanza imekula karibu shilingi 16,700 kwa mwezi, ya pili 7,500. Betri ya bei ya chini inaweza kuwa ndiyo ghali.

Wakati wa kubadilisha, fundi aanze kufungua hasi. Wakati wa kufunga, aanze na chanya, amalize na hasi. Ahakikishe kishikio cha betri kimekazwa, maana mtikisiko wa barabara zetu unaua betri nyingi. Baadhi ya redio za Toyota kutoka Japani hujifunga umeme ukikatika na kudai namba ya siri. Fundi anayejua kazi yake huunganisha betri ndogo ya akiba kwanza, ndipo aitoe ya zamani.

Betri kuukuu inakwenda wapi

Betri ya zamani ina thamani, ndiyo maana wapo wanaoizungukia vijijini. Lakini ina risasi, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Mtoto ndiye anayeumia zaidi, katika ubongo na ukuaji wake.

Mombasa inatufundisha. Katika mtaa wa Owino Uhuru, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliwaachia wakazi sumu ya risasi hadi kilipofungwa mwaka 2014. Phyllis Omido, aliyewahi kufanya kazi humo na ambaye mwanawe alikutwa na risasi mwilini, aliongoza mapambano ya wakazi. Mwaka 2020 mahakama ya mazingira na ardhi iliamuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya, na shauri likaendelea kupanda hadi Mahakama ya Juu. Kile kilikuwa kiwanda. Anayepasua betri uani na kumwaga asidi kwenye migomba anafanya jambo lile lile kwa kiasi kidogo, karibu na kisima chake mwenyewe. Tanzania inahesabu betri kuukuu kuwa taka hatarishi, na anayezikusanya anatakiwa awe na kibali. Njia rahisi kwa mnunuzi ni kumrudishia muuzaji betri nzima, haijapasuliwa, na kuomba apunguziwe bei.

Nani afanye nini

Mzigo huu haumhusu dereva peke yake. Wenye maduka wa Kayanga na Omurushaka wanaona magari yanayopita mbele ya milango yao. Waagize betri zinazolingana nayo. Halmashauri zinazowategemea madereva wa kijamii kwa dharura za uzazi zikague betri zao kama zinavyokagua matairi na leseni. Madereva wa kituo kimoja wanaweza kuchangia mita ya volti na waya nzuri za kuunganishia, kwani bei yake ikigawanywa kwa watu kumi haimuumizi yeyote.

Kwako msomaji mwenye gari, kazi ya leo ni ndogo. Fungua boneti, au mahali ilipo betri ndogo kama ni haiburidi, piga picha ya maandishi ya betri na uihifadhi kwenye simu. Siku itakayokataa, hutakuwa na muda wa kuyatafuta kwa tochi huku mgonjwa akisubiri kwenye kiti cha nyuma.