Ghorofa la Kariakoo ni ushirika uliosimama wima

Mfanyabiashara mmoja wa Nkoma, wilayani Itilima, ambaye msimu wa mavuno hununua dengu na choroko, na miezi mingine huuza vitenge, masufuria na vipuri vya baiskeli anavyovifuata Kariakoo, alirudi safari moja akiwa na kipeperushi mfukoni. Kilikuwa na picha ya jengo refu lenye vioo, na chini yake yameorodheshwa mambo yanayomngoja mnunuzi: vyumba viwili vya kulala, lifti, jenereta, walinzi usiku na mchana, maegesho ya magari na bwawa la kuogelea juu ya paa. Alitakiwa atoe kianzio, kisha amalizie kwa awamu kila baada ya miezi mitatu. Akaniuliza: "Mtaalamu, ng'ombe niuze au nisiuze?"

Swali hilo si la mzaha, wala si lake peke yake. Siku hizi mtu anayeuza mifugo au mazao kwa wingi anasikia kila upande kwamba fedha zikiwekwa kwenye fleti katikati ya Dar es Salaam zimekaa mahali salama. Maoni yangu ni kwamba fleti yenyewe si kitu kibaya. Tatizo ni kwamba wengi wanaoitamani hawajui wanachonunua. Wanadhani wananunua nyumba, kumbe wananunua pia uanachama.

Kwa nini watu wanapagombea

Tuanze na upande wa haki. Anayetaka kuishi Kariakoo, au jirani zake Upanga na Kisutu, ana sababu. Jina Kariakoo lilitokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi cha Waingereza wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Kwa miaka mingi eneo hilo lilikuwa la nyumba za Kiswahili, zile za vyumba sita, ukumbi katikati na ua nyuma. Soko kuu lililobuniwa na msanifu Beda Amuli lilifunguliwa mwaka 1975, likaungua Julai 2021, lakini biashara ya mitaa inayolizunguka haikufa.

Biashara iliponoga, kiwanja kikawa na thamani kuliko nyumba iliyosimama juu yake. Mwenye kiwanja hakuwa na fedha za kujenga, na mwenye fedha hakuwa na kiwanja. Wakaingia ubia, nyumba ya zamani ikavunjwa, ghorofa likainuka na kila mmoja akachukua sehemu yake. Kwa kawaida chini ni maduka, juu yake ni stoo za bidhaa, na juu zaidi ndizo fleti. Anayeishi humo yuko hatua chache kutoka dukani kwake, mabasi yaendayo haraka yako jirani, na Hospitali ya Muhimbili haiko mbali. Mtu anayepoteza saa tatu kila siku barabarani akitoka pembezoni mwa jiji anajua ukaribu huo una bei yake.

Kwa hiyo simlaumu mfanyabiashara wetu kwa kutamani. Namwomba tu afungue kipeperushi na kusoma kile ambacho hakikuandikwa.

Unachomiliki ni nini hasa

Ukinunua kiwanja Nkoma, ardhi ni yako kwa mujibu wa taratibu, nyumba ni yako, paa likivuja unatengeneza mwenyewe. Ukinunua fleti ghorofa ya nane, mambo ni tofauti. Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo ya mwaka 2008 ndiyo iliyowezesha mtu kupata hati ya sehemu yake ndani ya jengo. Kabla ya hapo kumiliki chumba cha juu kisheria kulikuwa na utata mkubwa. Wenzetu wa Kenya nao walitunga sheria mpya ya aina hiyo mwaka 2020.

Kwa sheria hiyo, mnunuzi anapata vitu viwili kwa pamoja. Cha kwanza ni sehemu yake, yaani vyumba vilivyo ndani ya kuta zake. Cha pili ni fungu katika mali ya wote: kiwanja, msingi, nguzo, paa, ngazi, lifti, mabomba makuu, tangi la maji na jenereta. Mali hiyo ya pamoja inasimamiwa na chama cha wamiliki. Chama kinaweka kanuni, kinapanga michango na kinaajiri watu wa usafi, ulinzi na matengenezo.

Msomaji wa Simiyu atakuwa ameshaelewa ninakokwenda. Kitu hiki tunakifahamu, na jina lake ni ushirika. Tofauti ni kwamba ushirika huu umesimama wima, na wanachama wake wanalala mmoja juu ya mwenzake.

Hebu tufanye hesabu ndogo ya mfano. Jengo lina fleti 40 na kila moja inatakiwa kuchangia Sh 100,000 kwa mwezi. Jumla ni Sh milioni 4, zinazotosha umeme wa lifti na pampu, dizeli ya jenereta, mishahara ya walinzi na akiba kidogo. Sasa wamiliki 15 hawalipi. Mmoja yuko nje ya nchi, mwingine anasema anakaa ghorofa ya kwanza na lifti haimhusu, mwingine ana ugomvi na mwenyekiti. Pengo ni Sh milioni 1.5 kila mwezi. Kwanza itakufa akiba, kisha jenereta, kisha lifti. Mpangaji wako wa ghorofa ya nane, anayepandisha ndoo ya maji kwa ngazi, atahama. Wewe ulilipa michango yote bila kukosa, lakini thamani ya mali yako imeshuka kwa sababu ya jirani usiyemfahamu.

Sisi wa ukanda wa pamba tuna somo la zamani kuhusu jambo hili. Chama kikuu cha Victoria Federation, kilichoongozwa na Paul Bomani miaka ya 1950, kilimtoa mkulima mikononi mwa wachuuzi waliomwibia kwenye mzani. Vyama vikuu vilivunjwa mwaka 1976, vikarudishwa kwa sheria ya mwaka 1982, na sisi wa Bariadi tukawa chini ya SHIRECU ya Shinyanga. Baada ya ununuzi wa pamba kufunguliwa kwa watu binafsi katika miaka ya 1990, vyama vikuu vilielemewa na madeni. Majengo, vinu na magari yalikuwa mali ya wakulima kwa maandishi, lakini mkulima wa kijijini hakuwa na habari ya kinachoendelea. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Kilichoangusha vyama vile hakikuwa ubovu wa matofali. Ni hesabu zisizosomwa, mikutano isiyofanyika na viongozi wasioulizwa. Ghorofa nalo huzeeka haraka kwa njia hiyo hiyo, hata kama lilijengwa kwa vioo vya kupendeza.

Hesabu ya kodi ya pango

Sasa tuangalie faida. Nasisitiza kuwa hizi ni tarakimu za mfano, si bei ya jengo lolote. Chukua fleti ya Sh milioni 200 inayopangishwa kwa Sh milioni 1.2 kwa mwezi. Kwa mwaka ni Sh milioni 14.4. Ikikaa tupu mwezi mmoja, zinabaki milioni 13.2. Toa ada ya huduma ya jengo, tuseme Sh 150,000 kwa mwezi, yaani milioni 1.8. Toa kodi ya zuio ya asilimia 10 ya pango, milioni 1.32. Toa milioni moja ya rangi, mabomba na dalali. Mkononi zinabaki takriban Sh milioni 9. Hiyo ni asilimia 4.5 ya fedha ulizoweka, na mtaji wako utarudi baada ya miaka 22.

Linganisha na hati fungani ya Serikali. Ile ya miaka 25 ilipoanza kutolewa mwaka 2021 ilikuwa na riba ya asilimia 15.95 kwa mwaka. Riba hizo hubadilika toka toleo hadi toleo, lakini mwananchi anaweza kuanza na Sh milioni moja, na hati fungani haina lifti ya kutengeneza.

Wauzaji watajibu kwamba fleti hupanda bei, wakati fedha ya hati fungani huliwa na mfumuko wa bei. Ni kweli, hoja hiyo ina uzito. Lakini kinachopanda bei Kariakoo ni hasa kiwanja, na wewe wa ghorofa ya nane una fungu dogo tu la kiwanja hicho. Jengo lenyewe linachakaa kila mwaka. Na kama fedha ni za mkopo wa riba ya asilimia 15 au zaidi, ukanunua kitu kinachokurudishia 4.5, unajaza maji kwenye pakacha.

Kuna jambo jingine linalomhusu mkulima zaidi ya mfanyakazi wa mshahara. Malipo ya awamu hayajui msimu. Mwaka 2019 wakulima wengi wa pamba walikaa miezi wakisubiri fedha za pamba waliyokwishapima. Bei elekezi ya mwaka 2022 ilikuwa Sh 1,560 kwa kilo. Mwaka uliofuata ikawa Sh 1,060. Mtu mwenye kipato cha namna hiyo akisaini mkataba wa kulipa kila miezi mitatu, anaweka rehani kianzio chake kwa mvua na soko la dunia.

Jengo la kwenye picha

Hatari kubwa kuliko zote ni kununua jengo ambalo bado liko kwenye picha. Hata taasisi kubwa hukwama. Mradi wa Shirika la Nyumba la Taifa wa Kawe, maarufu kama 711, ulisimama kwa miaka kadhaa kabla ya kufufuliwa. Mradi wa Dege kule Kigamboni, uliohusisha fedha za NSSF, ulisimama magorofa yakiwa yameinuka. Ikiwa vyombo vyenye nguvu namna hiyo vinaweza kusimama, mjenzi asiye na jina akikwama wewe wa Nkoma utamfuata wapi, na kwa nauli ya nani?

Pia tusisahau roho za watu. Machi 2013 ghorofa lililokuwa likijengwa Mtaa wa Indira Gandhi liliporomoka na kuua watu zaidi ya 30. Novemba 16, 2024 jengo lingine liliporomoka Kariakoo penyewe, asubuhi, watu wakiwa kwenye biashara zao, na zaidi ya 20 walipoteza maisha. Baada ya hapo Serikali iliunda timu ya kukagua majengo ya eneo hilo. Katika jengo la ushirika, nguzo ni mali ya wote. Mmoja akichimba chini au kuvunja ukuta ili kupanua duka lake, anachezea uhai wa kila aliye juu yake. Ndiyo maana chama cha wamiliki kinachoweza kumwambia mwenye duka "hapana" ni muhimu kuliko bwawa la kuogelea.

Maswali kabla ya kulipa

Anayeamua kununua aulize maswali haya na asiridhike na majibu ya mdomo. Je, jengo limekamilika, na kibali cha ujenzi kinataja idadi ya ghorofa zilizopo? Je, kila fleti ina hati yake, au yote yako chini ya hati moja ya mwenye kiwanja? Je, upekuzi kwa Msajili wa Hati unaonyesha kwamba kiwanja hakijawekwa rehani benki? Je, chama cha wamiliki kipo, kinakutana, na wangapi wanalipa michango? Omba kuona daftari la mapato na matumizi la mwaka uliopita. Kisha panda ngazi kwa miguu, uongee na anayeishi juu kabisa. Atakueleza maji yanafika siku ngapi kwa wiki. Wakili wa kukagua mkataba atakugharimu fedha, lakini ni kidogo kuliko kianzio kilichopotea.

Namrudia mfanyabiashara wetu. Nilimjibu asiuze ng'ombe, na sababu niliyompa haikuwa kwamba mjini si kwetu. Mtoto wa Nkoma ana haki ya kulala ghorofa ya nane Kariakoo kama mtu mwingine yeyote. Sababu ni kwamba ng'ombe wale na fedha za dengu ndizo mtaji unaozunguka. Zinanunua mazao ya majirani wakati wa mavuno na kuleta bidhaa wakati wa kiangazi. Zikifungwa ndani ya kuta kwa miaka 22, itakayolala si biashara yake tu, bali pia ya wakulima wanaomtegemea awe mnunuzi wa pili au wa tatu mnadani, ili bei isipangwe na mtu mmoja.

Fleti ni ya fedha ambayo mtu amekwishaitoa kwenye mzunguko na hataihitaji msimu ujao. Anayeifikia hatua hiyo anunue jengo lililokamilika, lenye hati ya kila sehemu na chama kilicho hai. Na kabla ya kujiunga na ushirika wa wageni mjini, ajipime kwanza hapa nyumbani: mara ya mwisho kuhudhuria mkutano wa AMCOS na kuuliza swali kuhusu hesabu ilikuwa lini? Kama hakumbuki, hajawa tayari kwa ghorofa.