PUMBA NI MALI, LAKINI MAPAFU YETU SI PUMBA



Pitieni soko la Kangemi au Kawangware jioni, mtaona magunzi ya mahindi yamelundikana. Machache huchomwa jikoni. Mengi huoza mtaroni. Watu huyaita takataka. Sisi twasema ni mali.

Kuvu ikioteshwa juu ya pumba au magunzi yaliyosagwa hutoa vimeng'enya, yaani vitu vinavyovunja-vunja chakula chake. Viwanda huvitumia ili mkate uumuke vizuri, nguo za jinzi zilainike, na maji ya matunda yawe maangavu. Kazi yenyewe si uchawi. Pumba hutiwa maji, hupikwa kwa mvuke ili vijidudu vingine vife, hupozwa, hupandwa mbegu ya kuvu, hutandazwa katika sinia siku chache penye joto, kisha huoshwa kwa maji na maji yale huchujwa. Mjapani Jokichi Takamine aliandikisha njia yake huko Marekani mwaka 1894, akitumia pumba za ngano. Wakati huo hata reli yetu ilikuwa haijaanza kujengwa Mombasa! Basi bwana yeyote asituambie kwamba kazi hii ni ya Ulaya tu.

Lakini tusidanganyike. Wako wasemao, "Kiwanda kije kwanza, masharti baadaye." Twakataa. Kimeng'enya kikavu ni vumbi, na vumbi hilo huingia kifuani. Mwaka 1969 ilitangazwa Uingereza kwamba wafanyakazi wa sabuni ya unga walipata pumu kwa kuvuta vumbi la vimeng'enya. Waoka mikate nao wameugua kwa kimeng'enya cha kuvu kinachotiwa katika unga. Wala kila kuvu si rafiki: mwaka 2004 sumu ya kuvu katika mahindi iliua watu 125 upande wa Makueni, Kitui na jirani zake. Mbegu ya kuvu haiokotwi mtaroni. Huchaguliwa na wataalamu.

Sisi wa reli twalijua vumbi. Tumezika wenzetu waliopakua magunia miaka mingi, wakakohoa, wakaambiwa ni sigara. Wengine hawakuvuta hata moja.

Kwa hiyo twadai: mashine zifunikwe, kimeng'enya kiuzwe kikiwa maji au chembe, si unga mwepesi, kila mtu apimwe kifua kabla ya kuanza kazi na kila mwaka, na atakayeugua alipwe. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yaamuru kuwe na kamati ya usalama penye wafanyakazi 20 au zaidi. Lakini sheria iliyolala kabatini haizuii vumbi. Wafanyakazi ndio wa kuiamsha.

Kiwanda tunakitaka, na mishahara tunaitaka. Lakini mtoto hali mshahara wa baba aliyekufa. Tushikamane sasa, kabla sinia la kwanza halijatandazwa.

Umoja ni nguvu!