Wimbo Ulionunuliwa Usifungwe

Katika mtaa wa Pioneer hapa Eldoret, kijana akitaka nyimbo hupeleka flashi yake kibandani, akalipa kidogo, akajaziwa. Fedha hizo humfaa mwenye kibanda. Mtunzi hapati hata senti. Wapo wanaodai kwamba dawa ya uharamia huu ni kuuza nyimbo zilizotiwa kufuli ya kompyuta ili zisinakiliwe. Mimi sikubaliani nao.

Dawa hiyo ilikwisha kujaribiwa ng'ambo. Duka la iTunes la kampuni ya Apple, lililofunguliwa mwaka 2003, lilianza kwa kuuza nyimbo zenye kufuli. Mwaka 2007 kampuni ya EMI ilikubali nyimbo zake ziuzwe humo bila kufuli, na mwaka 2009 Apple ikatangaza kuziondoa kufuli hizo katika nyimbo zote. Haramia hakuwa na haja ya kuivunja kufuli, kwa kuwa wimbo uo huo aliupata wazi kwenye CD. Aliyeumia ni mnunuzi mwaminifu. Mwaka 2008 Microsoft ilipotangaza kwamba ingezima mitambo iliyotoa funguo za nyimbo zilizouzwa na duka lake la MSN Music, wateja walitambua kwamba wakibadilisha kompyuta, nyimbo walizolipia zingekuwa bubu. Malalamiko yalipozidi, kampuni iliahirisha.

Hapa mwanaisimu ana neno. Kununua ni kutoa fedha, kitu kikawa chako. Muuzaji akibaki na ufunguo, wewe umekodi tu, hata risiti ikisema umenunua.

Nasi Wakenya tuna mkanganyiko wetu. Anayelipia wimbo wa Skiza, huduma iliyoanzishwa na Safaricom mwaka 2009, hausikii yeye. Huusikia anayempigia simu. Sheria ya hakimiliki iliyorekebishwa mwaka 2022 inamtengea msanii si chini ya asilimia 52 ya mapato ya milio hiyo, na hilo ni jema. Lakini mwanafunzi anayetaka wimbo wa kuweka simuni mwake? Mdundo, huduma iliyoanzia hapa nchini, humruhusu apakue bila malipo wala kufuli, na msanii hugawiwa mapato ya matangazo. Kumbe wimbo usiofungwa unaweza kumlipa mtunzi.

Kwa nini basi mwenye kibanda asisajiliwe kuwa wakala, auze nyimbo zisizofungwa kwa bei ile ile ndogo, na fungu la msanii likatumwa kwa M-Pesa? Nilimdokezea mmoja wao hapa mtaani. Hakupinga. Aliuliza tu ni nani atakayekuja kumsajili.