Wamormoni Wanahubiri Kuzaliwa Mara ya Pili

Kwenye semina za vijana, kwenye vipindi vya redio za Kikristo na kwenye mafundisho ya Biblia ya katikati ya juma, Wamormoni wakitajwa tu, shtaka ni lilelile: hao ni watu wa dini ya matendo, hawajui kuzaliwa mara ya pili. Mchungaji analisema kwa uhakika, waumini wanaitikia amina, somo linaendelea. Shtaka hilo ni la uongo. Linamsingizia jirani, tena linamwacha Mkristo mikono mitupu siku atakapokutana na tofauti yenyewe, ambayo ni kubwa kuliko hiyo anayofundishwa.

Kitabu cha Mormoni, kilichochapwa Palmyra, New York, mwaka 1830, kinasimulia katika Mosia sura ya 27 habari za Alma, mwana wa kuhani, kijana aliyezunguka akilivuruga kanisa. Malaika anamtokea, naye anaanguka, ulimi umefungwa na viungo vimekufa ganzi. Baba yake na makuhani wanafunga na kuomba. Anapoinuka anatangaza kwamba amezaliwa kwa Roho, na kwamba wanadamu wote, wanaume kwa wanawake, wa kila taifa, sharti wazaliwe na Mungu. Mlokole wa Kigezi au Bukoba angeutambua ushuhuda huo mara moja. Miaka inapita, na katika Alma sura ya 5 Alma huyohuyo anasimama katika mji wa Zarahemla na kuwauliza waumini kama wamezaliwa kiroho na Mungu. Hawaulizi wapagani. Anawauliza washirika wa kanisa, watu ambao majina yao yameshaandikwa kwenye orodha. Mhubiri gani wa uamsho ameuliza swali kali kuliko hilo?

Najua jibu litakalokuja: na ule mstari wa 2 Nefi 25, katika kitabu hichohicho, unaosema tunaokolewa kwa neema baada ya kufanya yote tuwezayo? Ni kweli, mstari huo umewaelemea Wamormoni wengi, na umewafanya baadhi yao waishi kama watu wanaolipa deni lisilokwisha. Lakini wenyewe wameliona tatizo. Mwaka 1992 Stephen Robinson, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Brigham Young, aliwaandikia kitabu kizima wale waliomwamini Kristo ila hawakuthubutu kuamini kwamba anaweza kuwaokoa wao. Na katika mkutano mkuu wa kanisa lao wa Aprili 2015, Dieter Uchtdorf, aliyekuwa mmoja wa viongozi watatu wa juu kabisa, alifundisha waziwazi kwamba wokovu haununuliwi kwa utii. Anayewahukumu kwa mstari mmoja na kuyanyamazia hayo hatendi haki.

Wengine hushambulia kwa njia nyingine. Wamormoni, wanasema, wamefunga kuzaliwa upya ndani ya ibada: ubatizo wa kuzamishwa kuanzia umri wa miaka minane, kuwekewa mikono ili kupokea Roho Mtakatifu, kisha mkate na maji kila Jumapili kama kulirudia agano. Tena wanafundisha kwamba badiliko la moyo huja taratibu kwa watu wengi. Ezra Taft Benson, rais wao tangu 1985 hadi 1994, alisema kwamba anayegeuka ghafla kama Paulo ni mmoja kwa maelfu. Haya, na ni kosa? Katekisimo Ndogo ya Luther ya mwaka 1529, ambayo kila Mlutheri wa Moshi aliyepata kipaimara ameisoma, inauita ubatizo kuoshwa kwa kuzaliwa upya. Kitabu cha Sala cha Waanglikana cha 1662 kinamtangaza mtoto mchanga kuwa amezaliwa upya mara tu anapobatizwa. Uamsho wa Tukutendereza, uliotokea Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930, ulitikisa makanisa haya haya kwa sababu uliwaona watu waliobatizwa lakini hawajageuka, na mwaka 1941 wanafunzi wa uchungaji walifukuzwa chuoni Mukono kwa moto huo huo. Ugomvi wa maji na moyo, wa dakika na safari, ni ugomvi wa nyumbani kwetu. Hatuwezi kuutumia kumfungia Mmormoni mlango huku ndugu zetu wenyewe tukiwaacha ndani.

Tofauti halisi iko kwa anayezaliwa, na kwa anayemzaa.

Wamormoni wanafundisha kwamba kila mwanadamu, kabla ya kupata mwili, aliishi mbinguni akiwa mtoto wa kiroho wa wazazi wa mbinguni. Tangazo lao rasmi kuhusu familia, la mwaka 1995, linasema hivyo bila kificho. Joseph Smith, mwanzilishi wao, alikwenda mbali zaidi. Aprili 1844, huko Nauvoo, Illinois, akihubiri kumkumbuka marehemu King Follett, alifundisha kwamba akili ya mwanadamu haikuumbwa, na kwamba Mungu mwenyewe aliwahi kuwa kama sisi. Ukiyakubali hayo, Mungu na mwanadamu ni jamii moja. Kilichopo kati yao ni umbali wa safari. Mosia sura ya 5 inasema kwa agano mtu anakuwa mtoto wa Kristo, na Wamormoni wanalishika hilo kwa moyo wote. Lakini anayefanya agano hilo tayari ni wa ukoo wa Mungu kwa asili yake.

Imani ya Nikea, iliyotamkwa mwaka 325, haina nafasi ya wazo hilo. Yuko Mungu mmoja asiye na mwanzo, na vingine vyote vimeumbwa. Mimi ni kiumbe. Hakuna chembe ndani yangu iliyokuwako kabla hajaniita niwepo. Nikiitwa mwana wa Mungu, nimepewa kitu ambacho asili yangu haikuwa nacho wala isingeweza kukidai. Athanasio wa Aleksandria alithubutu kusema Mungu alifanyika mtu ili sisi tufanywe miungu, na Wamormoni hupenda kumtaja. Ila Athanasio huyo alitumia maisha yake yote kuulinda mpaka kati ya Muumba na kiumbe, akahamishwa kwa nguvu mara tano kwa ajili hiyo. Mimi niko upande wake, na siuoni mpaka huo kuwa jambo dogo. Kuzaliwa mara ya pili kunanitetemesha kwa sababu aliyezaliwa hivyo hakuwa na udugu wowote wa kuzaliwa nao.

Mwaka 2001 Vatikani iliamua kwamba ubatizo wa Wamormoni si halali. Maji yalikuwepo, na Baba, Mwana na Roho Mtakatifu walitajwa, lakini Roma iliona kwamba Wamormoni hawawaelewi hao watatu kama kanisa lilivyowaelewa siku zote. Wamormoni nao humbatiza upya kila anayetoka kwetu, kwa kuwa wanaamini mamlaka ya kubatiza yalipotea duniani hadi Yohana Mbatizaji alipowarudishia Joseph Smith na mwenzake Oliver Cowdery mwezi Mei 1829. Pande zote mbili hapo zimesema kweli juu ya kinachowatenganisha.

Hekalu lao la Nairobi liliwekwa wakfu mwaka 2025, na wale vijana wawili wawili wenye mashati meupe na vibao vya majina vifuani watazidi kubisha hodi. Mkristo akiwaambia hawajui kuzaliwa mara ya pili, watamfungulia Alma sura ya 5, na yeye ndiye atakayeonekana hajasoma. Awakaribishe ndani, awaulize kuhusu mahubiri ya Nauvoo.