Rili Kubwa Si Sifa: Kijana, Pima Mizani Kabla ya Kutoa Pesa

Kijana wa Likoni, Kisauni au Changamwe, kama umeanza kuweka akiba ya vibarua ununue fimbo ya kuvulia na rili yake, ngoja kidogo. Kuna jambo ambalo muuza duka huenda asikwambie, kwa sababu yeye anataka kuuza na wewe unataka kupendeza. Rili kubwa si sifa. Rili nzuri ni ile inayolingana na fimbo yako. Na kama huwezi kupata mbili zinazolingana, bora ununue mshipi wa mkono na ndoana, chenji upeleke nyumbani.

Najua wapo watakaonijia juu. Tulieni kwanza, tuongee.

Ukishuka pwani jioni maji yakianza kujaa, iwe ni kwenye majabali ya Shelly, ufuo wa Mtongwe, mikoko ya Mishomoroni au upande wa Mkupe, utaona vijana na fimbo zao. Ni jambo la kufurahisha. Huhitaji mashua wala injini, na maji tunayo mlangoni. Pale Makupa, daraja jipya lilipofunguliwa mwaka 2022 na tuta la zamani kuondolewa, hori ya Tudor na ile ya Port Reitz zilirudi kupitishiana maji. Bara ya Mombasa inapakana na hori na bahari. Kijana mwenye subira hakosi mahali pa kutupa ndoana.

Lakini angalia walichoshika mkononi. Fimbo nyembamba ya kukunjakunja, fupi, nyepesi kama ufito, halafu chini yake imening'inia rili kama sufuria ya ugali. Au kinyume chake: fimbo ya mita nne na rili ndogo ya kuchezea. Nusu saa haijapita, mwenyewe ameiweka fimbo juu ya jiwe, anasugua kifundo cha mkono. Boya linazama, hana habari. Samaki kala chambo, kaenda zake.

Mtindo huu wa rili kubwa umetoka wapi? Kwa sehemu kubwa ni video za simuni. Unaona mtu anapigana na samaki mkubwa kuliko yeye, na rili yake inang'aa kama dhahabu. Sawa, lakini huo ni uvuvi mwingine. Hapa kwetu uko pia, na wala si wa leo: Malindi, Watamu na Shimoni ni sehemu zenye jina kwa wanaofuata nduaro na sulisuli, na mwandishi Mmarekani Ernest Hemingway alivua Malindi mwaka 1934. Rili zile ni za kwenye boti. Mvuvi huketi kwenye kiti maalumu, amefungwa mikanda, uzito unabebwa na mwili mzima. Wewe umesimama juu ya jabali na ndara zako, na unayemngoja ni chaa wa ukubwa wa kiganja. Vita si moja, kwa nini silaha iwe moja?

Tena kuna kichekesho kidogo ndani yake. Rili hii ya kawaida tunayoinunua, ambayo kibuyu chake cha uzi hakizunguki unaporusha, ilisajiliwa na Mwingereza aitwaye Alfred Illingworth mwaka 1905. Wazo lake lilitokana na mashine za viwanda vya nguo, jinsi uzi unavyochomoka kwenye kibuyu kwa urahisi. Alitaka kurusha vitu vyepesi ambavyo rili za wakati ule zilishindwa kuvirusha. Yaani chombo kilibuniwa kwa wepesi, sisi tunakinunua kwa uzito.

Sasa tuje kwenye uvuvi wa boya, au chelezo kama wanavyoita wengine. Mimi naamini ndio uvuvi unaotufaa zaidi sisi wa majabali na mikoko. Ukitupa chubwi hadi chini, matumbawe na mizizi ya mikoko inakula ndoana zako moja baada ya nyingine, na kila ndoana ni pesa. Boya linashikilia chambo pale unapotaka, juu ya mawe. Chuchunge, kwa mfano, huogelea karibu na uso wa maji. Ukimtafuta chini utakesha.

Lakini uvuvi huu una masharti yake. Wakati wa bamvua, maji yetu hupanda na kushuka kwa zaidi ya mita 3, kwa hivyo kina ulichopima saa kumi si kina cha saa kumi na mbili. Katikati ya kujaa na kupwa, mkondo wa hori unakimbia na boya linakimbia nalo. Inabidi uinue fimbo kila mara, uuondoe uzi juu ya maji usije ukalivuta boya, ufuate, ushushe, uinue tena. Mwenye chubwi anaweza kuchomeka fimbo yake kati ya mawe akapiga soga. Wewe wa boya huiachi mkononi. Saa mbili, saa tatu, fimbo iko juu. Ndiyo maana mizani, ambayo kwa mwenzako ni jambo dogo, kwako ni kila kitu.

Kama unaona hizi ni hesabu za darasani, muulize kijana anayesukuma mkokoteni wa maji Kisauni. Mitungi ikirundikwa mbele sana, mikono yake inabonyezwa chini mpaka mabega yanauma. Ikirundikwa nyuma sana, mkokoteni unataka kumnyanyua. Ikikaa sawasawa juu ya magurudumu, mzigo ule ule anauvuta huku anapiga mluzi. Mitungi haikupungua hata mmoja. Kilichobadilika ni mahali uzito ulipokaa. Fimbo na rili ni mkokoteni mdogo, na gurudumu lake ni mkono wako.

Utapima vipi? Usipime kwa macho. Dukani, omba rili ifungwe kwenye fimbo, na fimbo ivutwe yote mpaka mwisho. Kama uzi upo, uwe ndani ya rili na upite kwenye pete zote, kwa sababu rili tupu inadanganya. Kisha weka fimbo juu ya kidole cha shahada, mbele kidogo ya mguu wa rili, pale mkono wako utakaposhika. Uachie mkono wa pili.

Ikitulia kama mizani ya duka la nafaka, hiyo ndiyo. Ncha ikianguka mbele, rili ni nyepesi mno kwa fimbo hiyo. Kitako kikianguka nyuma, rili ni nzito mno. Kwa fimbo ndefu, ya mita tatu na nusu kwenda juu, usitafute ukamilifu. Mizani ikipatikana upana wa kiganja kimoja mbele ya rili, chukua. Ukiilazimisha itulie kabisa utaishia kununua rili nzito, na hapo umekwepa shimo ukaingia kisimani.

Ukimaliza kidole, fanya la pili: ishike kama unavua, mkono mmoja, dakika tano. Ndiyo, tano, ndani ya duka. Watu watakutazama, waache watazame. Mkono ukianza kulalamika dakika ya tatu, baharini utalia.

Nambari zilizoandikwa kwenye rili nazo zisome. Ukubwa huandikwa 1000, 2000, 2500, 3000, 4000 na kuendelea hata 10000. Viwanda havilingani sawasawa, lakini kwa makadirio, rili ya 2500 ina uzito wa karibu gramu 250, na zile kubwa kubwa hupita gramu 500. Kwa fimbo ya mita mbili na kitu, ya 2000 au 2500 inatosha. Kwa ya mita tatu hadi nne, angalia 3000 au 4000. Zaidi ya hapo, kwa uvuvi wa boya, unabeba chuma cha bure.

Utaona pia maandishi kama 0.30/150. Maana yake rili inameza mita 150 za uzi wenye unene wa milimita 0.30. Uzi mnene unashika maji na kuliburuta boya, kwa hivyo mwembamba ni bora, mradi usikatike. Ujaze karibu na ukingo, ubakishe milimita mbili hivi. Ukijaza kidogo haurushiki mbali, ukijaza kupita kiasi unamwagika na kujifunga mafundo.

Kuna watakaosema: "Na nikipata kolekole mkubwa, rili ndogo si itavunjika?" Swali zuri. Samaki mkubwa hashikwi na ukubwa wa rili. Anashikwa na breki iliyolegezwa vizuri, uzi usio na jeraha, na mikono isiyochoka. Breki ikikaa sawa, samaki akikimbia uzi unatoka kidogo kidogo mpaka achoke yeye. Rili kama sufuria iliyokazwa breki kama kufuli itakata uzi hata kwa tewa mdogo.

Wengine watasema: "Wazee wetu walivua miaka na mikaka kwa mshipi wa mkono, rili ya nini?" Hapo sina ugomvi. Mvuvi ndiye ajuaye pweza alipo, na mzee mwenye mshipi kidoleni anasikia samaki akipumulia chambo. Hata yule mzee wa riwaya ya Hemingway ya mwaka 1952 hakuwa na rili, alivua kwa mshipi wa mkono. Mshipi hauna shida ya mizani, kwani mkono wenyewe ndio fimbo. Ndiyo maana nasema, kati ya mshipi mzuri na fimbo isiyolingana na rili, chukua mshipi. Fimbo inakuwa na faida pale unaposimama juu ya jabali na unataka kupitisha uzi juu ya mawimbi na mawe, au kulifikisha boya mbele ya mikoko. Faida hiyo unaipata tu ikiwa unaweza kuishika.

Na kama fimbo na rili umeletewa na mjomba aliye Maskati, huwezi kumrudishia? Usitupe. Ikiwa ncha ndiyo nzito, funga kipande kidogo cha risasi kwenye kitako kwa utepe, uongeze kidogo kidogo mpaka itulie. Ni dawa, japo inaongeza uzito. Ikiwa rili ndiyo nzito, badilishaneni. Pale maskani kuna mwenye fimbo ndefu inayolilia rili kubwa, na mwenye fimbo fupi aliyebeba zigo. Kabla yeyote hajaenda dukani, kusanyeni mlivyo navyo jioni moja, mfunge na kufungua, mpime kidole. Huenda mkagundua rili unayoitafuta iko kwa jirani.

Nina neno pia kwa wenye maduka ya zana za uvuvi. Acheni kuuza seti iliyofungwa kwenye plastiki ambayo mtu hawezi kuigusa mpaka alipe. Mruhusuni kijana afunge, apime, abadilishe. Chema chajiuza. Kijana aliyenunua kitu kinachomfaa atarudi kwako kwa uzi, ndoana na maboya mwaka mzima. Aliyenunua mzigo atarudi mara moja tu, kulalamika.

Kwa nini nalivalia njuga jambo dogo hivi? Kwa sababu nimeona linavyoishia. Kijana anatumia pesa ya siku kadhaa za kibarua, anavua wiki mbili, mkono unamuuma, hapati kitu, fimbo inatundikwa ukutani karibu na kalenda. Anasema uvuvi si wake. Kumbe uvuvi ulikuwa wake, chombo ndicho hakikuwa chake. Anarudi kukaa bure, na nyumbani kitoweo kinanunuliwa dukani huku bahari iko hatua mia mbili.

Mambo mawili ya mwisho kabla hujaondoka. Ukirudi, ifute rili kwa kitambaa kilicholowa maji matamu, maana chumvi haina adabu, inakula chuma usiku na mchana. Na kabla ya kuanza, pita kwa wavuvi wa BMU ya ufuo wako, uulize wapi panaruhusiwa na kibali gani kinatakiwa. Maeneo ya bandari na ya feri usiyasogelee. Uzi uliokatika usiuache kwenye mikoko, kwani hauozi na kasa hana mkasi.

Basi ukifika dukani, muuzaji akikuonyesha ile inayong'aa, mwambie ahsante, naomba uifunge kwenye fimbo kwanza. Kisha nyoosha kidole.