Inafaa kwa Nani, na Nani Kapima?

Waliberali wa Marekani wameidhulumu falsafa iliyowalea. Wameirithi nusu, wakaitupa nusu iliyokuwa na uhai, na leo wanatembea kifua mbele wakijiita watu wa vitendo.

Falsafa hiyo, pragmatizimu ya Charles Peirce, William James na John Dewey, ilifundisha kwamba wazo hupimwa kwa matokeo yake, si kwa ukale wake wala kwa cheo cha aliyelisema. Dewey ndiye aliyeiingiza katika siasa. Kwake, demokrasia haikuishia kwenye sanduku la kura: ilikuwa ni watu kuyachunguza matatizo yao pamoja, kujaribu, kukosea na kurekebisha. Na mwamuzi wa matokeo ni yule anayeyaishi. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Mambo haya Dewey aliyaona kwa macho Chicago, katika Hull House, nyumba iliyofunguliwa mwaka 1889 na Jane Addams na Ellen Gates Starr katikati ya mitaa ya wahamiaji maskini. Mwaka 1895 Addams aliteuliwa kuwa mkaguzi wa takataka wa kata yake. Msomi huyo alikuwa akidamka alfajiri kufuata mikokoteni ya taka hadi jalalani. Katika kichochoro kimoja walichimba uchafu mpaka wakakuta barabara iliyosakafiwa, imezikwa inchi 18 chini! Baadaye ilionekana kwamba barabara hiyo ilikuwamo siku zote katika kumbukumbu za jiji. Kwenye makaratasi, basi, mtaa ulikuwa na barabara safi. Waliokuwa wakiikanyaga taka kila siku ndio waliojua ukweli, na hakuna aliyekuwa amewauliza.

Kisha ikaja 1917, na Dewey mwenyewe akateleza. Aliandika katika jarida la The New Republic akiunga mkono Marekani kuingia katika Vita vya Kwanza vya Dunia, akiamini kwamba watu wenye akili wangeweza kuvielekeza vita vilete mageuzi. Addams alikataa, na magazeti yakamtukana. Randolph Bourne, aliyesoma kwa Dewey pale Chuo Kikuu cha Columbia, alimjibu mwalimu wake bila kumung’unya maneno: ukishazoea kuuliza njia gani inafaa, ukasahau kuuliza unakwenda wapi, utamtumikia yeyote mwenye nguvu. Jarida lililochapisha makala zake, The Seven Arts, lilinyimwa fedha likafa. Bourne akafa kwa homa ya mafua Desemba 1918, akiwa na miaka 32. Mwaka huohuo kiongozi wa wasoshalisti, Eugene Debs, alihukumiwa kifungo cha miaka 10 kwa hotuba ya kupinga vita. Hayo ndiyo mageuzi yaliyoletwa na vita!

Dewey, angalau, alijirudi. Mwandishi Walter Lippmann alipodai katika miaka ya 1920 kwamba wananchi hawana uwezo wa kuyaelewa mambo ya dola, waachiwe wataalamu, Dewey alimpinga kwa kitabu kizima mwaka 1927. Lakini waliberali waliofuata walimchagua Lippmann, huku wakiendelea kulitaja jina la Dewey.

Tazama Agosti 1996. Rais Bill Clinton, aliyejinadi kuwa hafungwi na itikadi bali anatafuta kinacholeta matokeo, alitia saini sheria iliyofuta haki ya familia maskini kupata msaada wa fedha, haki iliyokuwapo tangu 1935. Serikali kuu ikaweka ukomo wa miaka 5 ya msaada kwa maisha yote ya mtu. Peter Edelman, ofisa wa juu wa wizara husika, alijiuzulu kwa kupinga. Majina kwenye daftari la msaada yakapungua kwa zaidi ya nusu, na wakubwa wakapiga makofi: sera imefanikiwa! Imefanikiwa kufanya nini? Kumwondoa mama kwenye daftari si kumwondoa kwenye njaa. Aliyepima alihesabu majina, hakufungua sufuria. Ni ileile barabara ya Chicago, safi kwenye makaratasi.

Hiyo si pragmatizimu. Ni ukarani wa wenye nguvu uliovikwa joho la falsafa, na umewafanya mamilioni ya Wamarekani waamini kwamba mliberali ni mtu wa kuwaamulia, si wa kuwasikiliza. Basi, msomaji, mwanasiasa yeyote akikuambia sera yake inafanya kazi, mtake akuonyeshe walioulizwa. Kama ni wataalamu wake peke yao, mnyime kura.